Tumbaku Tamu, Tumbaku Njema?



Swali letu safari hii ni dogo kwa sura, na huenda wengine wakacheka kuliona katika gazeti la mtaa. Je, ni haki kwa mtu mzima mwenye akili zake kukaa na wenzake na kueleza, kwa uangalifu na kwa furaha, jinsi tumbaku aliyoivuta jana ilivyokuwa? Hatuulizi kama tumbaku ina madhara. Hilo limekwisha kujibiwa, nasi tutalitaja mahali pake. Twauliza juu ya yale mazungumzo yenyewe: kusifu, kulinganisha, kupeana kikopo, kubishana kama jani hili lilikomaa shambani au lilichumwa changa. Wako watu wema kati yetu wasemao kwamba mazungumzo hayo ni upuzi. Wako wasemao kwamba ni dhambi kabisa. Na wako wazee wasemao kwamba hiyo ndiyo saa nzuri ya siku nzima, wala hawajamdhulumu mtu. Tumewasikiliza wote, na kila upande una neno.

Mwenye kupita ufukoni kwetu Manda, karibu na pale mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa, amewaona wazee hao. Mahali hapa Wajerumani walipaita Wiedhafen, na tangu siku zao kazi kubwa ya watu wa bandarini imekuwa ni kungoja. Meli za MV Songea na MV Iringa zilingojwa, na MV Mbeya II ilipoanza safari zake mwaka 2021 nayo ikangojwa vivyo hivyo. Anayengoja huhitaji kivuli na maneno. Basi wazee hukaa chini ya mwembe, mmoja akatoa kipande cha msokoto wa tumbaku ya Songea, mwingine kikopo cha ugoro uliosagwa nyumbani, na mkutano umefunguliwa bila mwenyekiti wala ajenda.

Wasikilize. Wa kwanza asema, "Hii ni kali, ila ukali wake haukimbilii mtu." Wa pili akataa: "Ukali si sifa peke yake. Hii imekaushwa kwa haraka, yakwaruza koo." Wa tatu huvunja kipande cha jani, hukisugua kiganjani, hunusa, na kabla hajasema neno wenzake wamenyamaza wakimtazama. Hawa si watoto. Wamelima, wamevua, wamezika, na wengine wamekaa katika halmashauri ya kanisa miaka mingi. Walakini hatujawaona wakisikilizana katika halmashauri kama wasikilizanavyo hapo.

Yafaa tueleze kidogo juu ya tumbaku hiyo, maana wengi wetu twaijua kwa harufu tu. Tumbaku ya Songea ni ya namna yake. Ile ya Tabora na Urambo, ambayo nyingi huenda kutengenezea sigara, hukaushwa kwa joto lipitalo katika mabomba, bila moshi kuligusa jani. Ya Songea hutundikwa bandani, kuni zikawashwa chini sakafuni na kuachwa zifuke polepole siku nyingi, mpaka jani likawa la rangi ya kahawa iliyokolea, zito, lenye kunuka moshi. Tangu mwaka 1936 wakulima wa huko walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, NGOMAT, yaani cha Wangoni na Wamatengo. Ungoni ikajulikana kwa tumbaku na Umatengo kwa kahawa. Watu wa Manda ni jirani zao ng'ambo ya mto, na jirani huonja cha jirani. Ndiyo maana mzee wa kwetu aweza kukuambia kama banda lilikuwa na kuni kavu au mbichi, na mara nyingi akasema kweli.

Ugoro nao una elimu yake. Jani hukaushwa mpaka likatike kwa kidole, husagwa kwa jiwe, kisha hutiwa majivu. Bibi zetu, ambao huuweka katika pindo la kanga, hubishana sana juu ya majivu hayo: ya mti gani, kiasi gani, yachekechwe mara ngapi. Hilo nalo si upuzi. Dawa iliyomo katika tumbaku, iitwayo nikotini, hupenya upesi katika nyama ya mdomo na pua ikichanganywa na kitu chenye asili ya magadi, na majivu ni ya asili hiyo. Bibi aliyeongeza majivu kidogo akasema "sasa umefunguka" alikuwa akifanya kazi ambayo mtaalamu wa maabara angeifanya kwa chupa na vipimo.

Wala mazungumzo ya namna hii si ya Manda peke yake. Huko Kuba, na Uingereza, na katika miji ya Ghuba, wako watu wapendao zile sigara nene za majani matupu zisizo na karatasi, nao hukutana ili kuelezana walichovuta. Zilizo maarufu kuliko zote hutoka Kuba, na majani yake bora hulimwa katika mkoa wa Pinar del Río, katika nchi iitwayo Vuelta Abajo. Hazikaushwi kwa moshi kama ya Songea. Majani hukaushwa kwa hewa, kisha hurundikwa mafungu makubwa yakatota jasho kwa joto lake yenyewe, na ule ukali wa kuchoma pua ukatoka. Kila sigara ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje lililo laini na zuri kuliko yote. Wapenzi wake husema hii ina ladha ya kahawa, hii ya pilipili, hii ya ngozi, hii ya udongo baada ya mvua. Tungewaleta Manda wangekaa chini ya mwembe bila taabu, ila tu wangehitaji mkalimani na pengine mto wa kukalia.

Jambo moja zaidi lawaunganisha na bibi zetu. Moshi wa sigara nene una asili ile ile ya magadi, na kwa hiyo mvutaji hana haja ya kuuingiza mapafuni. Mdomo peke yake wapokea nikotini ya kutosha. Sigara ya dukani, ile nyembamba ya karatasi, sivyo ilivyo. Moshi wake ni wa asili ya uchachu, na asiyeuvuta mpaka kifuani hapati alichokitafuta. Nayo hutengenezwa kwa mashine, tangu James Bonsack alipopata hati ya mashine yake huko Marekani mwaka 1881, ili ya leo iwe sawasawa na ya jana na ya kesho. Hakuna wa kumwuliza mwenzake, "Ya leo ilikuwaje?" Mtu huinunua mojamoja dukani, huivuta amesimama, huikanyaga, huondoka.

Hapa twaona neno la kwanza la kuwatetea wazee wetu. Wao huyaangalia wanayoyafanya, na kuyaangalia si jambo dogo. Mtu atakaye kusema jinsi kitu kilivyokuwa hapana budi atulie, akumbuke, atafute neno linalofaa, na akubali kusahihishwa. Pia hawezi kudanganya kwa urahisi mbele ya watu wajuao. Akisifu jani lililooza kwa kuwa limetoka shamba la shemeji yake, watamcheka. Tumewahi kuwasikia watu wakitoka kanisani baada ya mahubiri au wimbo wa kwaya, wakaulizwa ilikuwaje, wakajibu "nzuri," basi. Watu hao hao wakiulizwa juu ya ugoro watakupa maelezo ya nusu saa. Hatusemi hivyo kwa kuwadharau. Twasema tu kwamba ulimi wao wajua kazi, ukipewa kazi.

Tena kuna ukarimu. Kikopo cha ugoro hakina mwenyewe kikishafunguliwa. Maskini asiyelima tumbaku hupewa kama tajiri, na neno lake juu ya ladha lina uzito ule ule. Mgeni aliyeshuka melini hukaribishwa kwa kikopo kabla ya kuulizwa ukoo wake. Asemaye kwamba kikao hicho ni uovu mtupu hakikukaliwa naye.

Wengine huikomesha hoja mapema kwa kusema, kila mtu na ladha yake, tusihukumiane. Hatukubali. Jani lililoota ukungu limeota ukungu, hata kama yuko mmoja alipendaye. Wazee wenyewe wasingalibishana kama wangaliamini kwamba hakuna kweli katika ladha. Hubishana kwa sababu waamini kwamba jani lina hali yake, na kwamba watu wengi wakilionja kwa uaminifu watakaribia kuijua hali hiyo. Nasi twawashika kwa neno lao hilo.

Kanisa nalo limeshiriki mabishano haya kwa muda mrefu, na si kwa sauti moja. Papa Urban VIII mwaka 1642 aliwatishia kuwatenga waliotumia tumbaku ndani ya makanisa ya Seville huko Hispania. Mwaka 1725 Papa Benedict XIII akalegeza katazo kama hilo lililokuwa limewekwa katika kanisa la Mtakatifu Petro, Roma. Kwa upande wetu Waanglikana, Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, yule aliyeagiza tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1611, alikuwa ametoa mwaka 1604 kitabu kizima cha kuilaani tumbaku. Mwaka ule ule akaipandisha ushuru kutoka peni 2 hata shilingi 6 na peni 10 kwa ratili moja. Toka hapo serikali nyingi za dunia zimeendelea kuikemea tumbaku kwa mkono mmoja na kuihesabu mapato kwa mkono wa pili, na ya kwetu haikukosa kuiweka katika mazao yake makuu ya kuuza nje.

Lakini kisa kilicho karibu zaidi na swali letu ni cha Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa Kibaptisti wa London. Mwaka 1874 mhubiri mgeni kutoka Marekani alisimama katika kanisa la Spurgeon akaeleza jinsi alivyoacha sigara nene alizozipenda, akiihesabu kuwa ni ushindi juu ya dhambi. Alipomaliza, Spurgeon mwenyewe aliinuka, akasema mbele ya watu wote kwamba yeye alikusudia kuvuta yake usiku ule kabla ya kulala, na kwamba angeivuta kwa utukufu wa Mungu. Maneno hayo yakafika magazetini, watu wakamshutumu, naye akaandika barua kujieleza. Alisema hakuiona amri iliyokataza jambo hilo. Na kwamba maumivu yalipotulizwa, na akili iliyochoka ikapumzika, na usingizi ukaja, alimshukuru Mungu.

Hatuna haja ya kumcheka Spurgeon. Alikuwa mgonjwa mara nyingi, na alisema kweli juu ya alichokionja. Shukrani yake hatuna shaka kwamba ilikuwa ya moyo. Ila yako mambo ambayo mtu wa mwaka 1874 hakuweza kuyajua. Ilikuwa mwaka 1950 ndipo Richard Doll na Austin Bradford Hill walipoonyesha katika jarida la madaktari wa Uingereza jinsi uvutaji ulivyoshikana na saratani ya mapafu. Doll akaendelea kuwafuatilia maelfu ya madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, na mwaka 2004 hesabu ikaonyesha kwamba karibu nusu ya walioendelea kuvuta sigara waliuawa nayo. Sigara nene haikuokoka kwa kuwa haivutwi mpaka kifuani. Mdomo na koo na umio hulipa. Ugoro nao haukuokoka kwa kuwa hauna moshi. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameuhesabu pamoja na tumbaku zote zisizovutwa kuwa chanzo cha saratani ya mdomo. Shirika hilo hilo lasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Nchi yetu ilitunga sheria ya kusimamia tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 ikauridhia mkataba wa mataifa juu yake.

Basi shukrani iliyokuwa safi mwaka 1874, je, yaweza kusemwa leo kwa maneno yale yale? Twaona haiwezi. Utamu haukubadilika hata kidogo. Yaliyobadilika ni yale ayajuayo mwenye kushukuru.

Tuangalie sasa maneno ya lugha yetu wenyewe, maana yamekwisha kutufanyia nusu ya kazi. Tuna neno tamu, tuna neno zuri, na tuna neno jema. Waingereza hutumia neno moja kwa karibu yote matatu, na huenda ndiyo sababu wavutaji wao hujikanganya. Mzee wetu husema tumbaku hii ni tamu, na hapo ametoa habari ya ulimi. Husema ni nzuri, na hapo amemsifu mkulima na mkaushaji kwamba walijua kazi yao. Husema ni kali, akikusudia kuisifu, kama tusifuvyo kisu. Lakini kwa miaka yote tuliyokaa karibu na vikao hivyo hatujamsikia hata mmoja akisema, "Tumbaku hii ni njema." Twasema habari njema, nia njema, asubuhi njema. Neno hilo husimama pale tunapokitazama kitu chote, kilikotoka na kinakokwenda, na nani ananufaika na nani anaumia. Ulimi peke yake hauwezi kulitamka.

Mtu atasema, wazee hawalitumii kwa mazoea tu. Labda. Lakini tufanye jaribio moja. Mzee amemaliza kuisifu tumbaku yake kwa nusu saa. Mjukuu wa miaka 8 ananyosha mkono kwenye kikopo. Mzee yule yule humpiga kofi la mkono, na macho yamemtoka. Kwa nini? Hamnyimi mjukuu kitu cho chote kingine anachokisifu: humpa samaki, humpa embe, humpa jina lake. Kofi lile limetamka neno ambalo mdomo umelikwepa. Kwa hiyo twaona wazee hawasemi uongo juu ya tumbaku. Habari zao ni za kweli. Kosa ni kwamba hawazimalizi.

Habari kamili ingeanza mbali zaidi. Ingeanza kwa mkono wa mchumaji. Jani la tumbaku likiwa limelowa umande au mvua, nikotini yake hupenya ngozi ya mtu alibebaye, akashikwa na kizunguzungu, kichefuchefu, na kutapika, hata kama hajavuta tumbaku maisha yake yote. Wanawake na watoto wanaobeba majani kifuani wanaijua hali hiyo kuliko wanaume walio chini ya mwembe. Kisha habari ingepita msituni, kwenye kuni zinazokatwa kila mwaka kwa ajili ya mabanda, mpaka mama atafutaye kuni za ugali aende mbali zaidi kuliko mama yake alivyokwenda. Harufu ile ya moshi ambayo mzee huitambua kwa kuisugua kiganjani ni msitu. Yeye huujua mti ule kwa jina. Hatumwombi ajifunze kitu kipya, twamwomba aseme na hilo.

Huko Havana wasokotaji wa sigara nene walifanya jambo linalostahili kukumbukwa. Tangu mwaka 1865 walikuwa na msomaji katika karakana, mtu aketiye mahali pa juu akiwasomea magazeti na vitabu wakati mikono yao ikifanya kazi, nao wenyewe walimlipa kwa kuchangishana. Sigara ya Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, ilipata jina lake katika kitabu cha Alexandre Dumas kilichopendwa huko. Sasa wapenzi wa sigara hizo duniani hulitaja jina hilo kila siku wakieleza ladha zake, na ni wangapi wanaowakumbuka waliokuwa wakisokota na kusikiliza? Ladha wameipokea, watu wameachwa kiwandani.

Kuna upande mwingine wa habari, nao ni ule uishiao katika mwili wa mwonjaji. Hapa hatusemi mambo ya vitabuni. Yuko mzee mmoja wa ufuko huu, jina lake hatulitaji, aliyekuwa fundi wa kundi. Aliweza kufumba macho akakuambia kama jani lilichumwa chini ya mche au juu, maana ya juu yana nguvu zaidi. Alipokuwa akisema, mabishano yalikwisha. Miaka mingi aliweka ugoro upande mmoja wa shavu, na upande ule ukaota kidonda. Akapelekwa hospitali, akakatwa, akaambiwa asiguse tena tumbaku ya namna yo yote. Akarudi, akaketi mahali pake.

Kikopo kilipozunguka, kilimruka. Walifanya hivyo kwa upendo. Wangempaje kitu kilichomwumiza? Lakini pamoja na kikopo neno nalo lilimruka. Hakuna aliyemwuliza lo lote, kwa kuwa hapo huulizwa aliyeonja. Baada ya majuma kadhaa akawa haji. Wengine wakasema ni afadhali, asije akajaribiwa, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwenye kuacha tumbaku hahitaji kuwekwa karibu na harufu yake. Hata hivyo twaona hapo kikao kilijihukumu chenyewe. Kama ushirika wao ulikuwa wa watu, ungemkalisha mtu yule hata pasipo tumbaku. Kama haukuweza, basi kilichoshirikiana ni vikopo.

Aliyelivunja jambo hilo ni bibi mmoja, mwenye ugoro wake katika pindo la kanga kama wenzake. Alikwenda mpaka nyumbani kwa yule mzee akamwambia, "Mzee, mbona watuachia kivuli peke yetu? Njoo utuambie." Akauliza, "Niwaambie nini, nami sionji?" Akajibiwa, "Utuambie hilo hilo."

Alikuja. Hakutaka jani la kunusa, na waliotaka kumpa walikatazwa na bibi. Akaulizwa juu ya kidonda, naye akakieleza kwa namna ile ile aliyokuwa akieleza tumbaku, polepole, akitafuta neno. Alisema mwanzoni hakikuuma, ndiyo maana hakukijali. Kilikuwa alama nyeupe tu, kama ukoko wa uji ulioganda, na ukikwangua kwa ulimi hautoki. Kisha kikawa kigumu. Kisha kikawa chekundu pembeni. Alieleza jinsi ugali ulivyopoteza ladha upande ule, na jinsi hata leo maji ya ziwa ayaonja kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu anayesikia kwa sikio moja. Hakuna aliyemkatiza. Mmoja akauliza, "Weupe wa namna gani?" na tulipomtazama tuliona shavu lake likitembea, ulimi wake ukitafuta ndani. Yule alipanda gari juma lililofuata kwenda Ludewa, bila kumwaga mtu.

Tungependa kuwaandikia kwamba tangu siku hiyo kikopo kimefungwa. Hakikufungwa. Wawili wameacha, mmoja amerudia, na bibi mwenyewe asema kwamba katika umri wake atazikwa na pindo lake. Watu wa upande wa kwanza, wale wanaosema ni dhambi, watauliza basi faida iko wapi. Twawajibu kwamba kabla ya siku ile wazee walikuwa na maneno mengi ya kueleza jani na hata moja la kueleza kidonda, na sasa wanayo. Mtu hawezi kukiacha kitu ambacho hajakubali kukieleza chote. Wala hatuoni kwamba amri peke yake, hata ikitangazwa madhabahuni, ingemfikisha yule mzee wa tatu Ludewa.

Wakapatana pia jambo moja, nalo tuliwasikia wakilijadili muda mrefu kuliko lilivyostahili. Zamani aliyetaka kuwasha msokoto alimtuma mtoto jikoni alete kaa la moto, na twajua sote jinsi mtoto anavyolipuliza kaa njiani lisizimike, na jinsi wengine walivyoanza kwa kupewa na msokoto wenyewe wauwashe. Sasa wamesema hatumwi mtoto. Atakaye moto na ainuke mwenyewe. Tangu hapo, kwa kuwa jiko la karibu liko juu kidogo ya mwinuko na magoti ya wengi ni mabovu, tumewaona mara kadhaa wakitazamana, msokoto umekwisha kusokotwa, kila mmoja akingoja mwenzake aende.